Kipimo kipi cha magnesiamu kikufae: seramu, chembe nyekundu au mkojo?

Karatasi ya majibu imeandikwa magnesiamu 1.8, na pembeni hakuna nyota wala alama ya kuonya. Je, ni salama? Usijibu kabla hujatazama kizio kinachofuata namba hiyo. Ikiwa ni mg/dL, 1.8 imo ndani ya kiwango cha kawaida, ila imeegemea chini. Ikiwa ni mEq/L, imekaa vizuri. Ikiwa ni mmol/L, magnesiamu imezidi sana na mgonjwa anapaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Na ikiwa kilichopimwa ni chembe nyekundu za damu peke yake, 1.8 mmol/L inaweza ikawa ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo kuuliza "magnesiamu yangu ni ngapi?" hakutoshi. Kuna vipimo kadhaa, kila kimoja kinachungulia sehemu yake ya mwili, na mtu akichukua kisichoendana na tatizo lake atalipa, atasubiri, kisha atapewa jibu la swali ambalo hakuuliza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na seramu (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe), iambatanishe na vipimo vichache vinavyohusiana nayo, na vingine viongezwe pale tu seramu inaposhindwa kueleza hali ya mgonjwa.

Kwanza vizio vyenyewe. 1 mmol/L ni sawa na 2 mEq/L, na ni takriban 2.43 mg/dL. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha seramu kwa mtu mzima kati ya 0.7 na 1.0 mmol/L, yaani kama 1.7 hadi 2.4 mg/dL, au 1.4 hadi 2.0 mEq/L. Mipaka hutofautiana kidogo baina ya maabara, hivyo linganisha namba yako na mipaka iliyochapwa kwenye karatasi yako mwenyewe, si ile uliyoiona kwingine.

Magnesiamu inakaa wapi mwilini

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo mifupani, na karibu yote inayobaki imo ndani ya seli za misuli na viungo vingine laini. Iliyomo kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayopimwa hospitalini kila siku, na mwili huilinda kwa kila njia. Chakula kikipungukiwa magnesiamu, figo hubana kiasi kinachotoka na mkojo, na mifupa huachia kidogo kidogo ili damu isipungue. Ni kama nyumba ambayo chungu cha jikoni hakikosi nafaka ilhali ghala la nyuma linaelekea kuisha. Anayechungulia chungu peke yake ataondoka akisema humu kuna shibe.

Ubora na udhaifu wa karibu kila kipimo ninachokieleza hapa unatokana na ukweli huo mmoja.

Seramu

Damu huchukuliwa mshipani, huachwa igande, kisha huzungushwa kwenye mashine ili majimaji yatengane na chembe. Majimaji hayo ndiyo seramu. Kipimo hiki ni cha haraka, hakina gharama kubwa ukilinganisha na vingine, na hufanyika karibu kila maabara yenye mashine ya kemia ya damu. Kwa kawaida hakuna haja ya kufunga kula. La muhimu ni kusema mapema kama unatumia vidonge vya magnesiamu, dawa za kulainisha choo au dawa za kiungulia zenye magnesiamu ndani yake, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuisukuma namba juu.

Nguvu ya seramu iko upande mmoja. Ikiwa chini, isikilize. Chini ya 0.7 mmol/L mara nyingi upungufu ni wa kweli, na ikishuka chini ya 0.5 mmol/L ndipo dalili nzito huelekea kujitokeza: mikono kutetemeka, misuli kukakamaa, degedege, mapigo ya moyo kwenda ovyo. Lakini seramu ikiwa ya kawaida, haikuhakikishii kwamba ghala limejaa. Watafiti kadhaa wamependekeza mpaka wa chini upandishwe hadi 0.85 mmol/L, kwa hoja kwamba mipaka inayotumika ilitokana na kupima watu walioonekana wazima, na baadhi yao huenda tayari walikuwa na upungufu usioonyesha dalili. Maabara nyingi hazijafanya hivyo. Kwangu mimi, mtu mwenye 0.74 ambaye anaharisha kwa muda mrefu, au anatumia dawa za kuongeza mkojo, hastahili kurudishwa nyumbani na neno "kawaida" pekee. Namba ileile kwa kijana mzima asiye na dalili wala dawa haina cha kuogopesha.

Seramu pia hupotoshwa kirahisi. Chembe nyekundu zina magnesiamu takriban mara tatu ya iliyomo kwenye seramu. Zikipasuka wakati wa kuchukua damu, au sampuli ikikaa muda mrefu kabla ya kutenganishwa, jibu hupanda kwa uongo na upungufu hufichika. Maabara makini huandika kwenye majibu kwamba chembe zilipasuka. Ukiona maneno hayo, omba damu ichukuliwe upya badala ya kubishana na namba. Tyubu nayo ina neno: ile yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, inayotumika kwa hesabu kamili ya damu, haifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa EDTA huishika magnesiamu isionekane na kemikali za kupimia.

Halafu kuna albumini. Kama robo hivi ya magnesiamu ya seramu husafiri imeshikwa na protini, hasa albumini. Mgonjwa ambaye albumini yake imeshuka sana, kwa ugonjwa wa ini, wa figo au utapiamlo, anaweza kuonyesha magnesiamu ya chini ilhali sehemu iliyo huru, inayofanya kazi, haijapungua kiasi hicho.

Chembe nyekundu

Hiki ndicho kipimo kinachosifiwa sana siku hizi na wauzaji wa virutubisho, na wazo lake lina mantiki. Kama magnesiamu nyingi imo ndani ya seli, kwa nini tusipime ndani ya seli? Chembe nyekundu ndizo seli zilizo rahisi kuzipata, basi hutenganishwa na majimaji, hupasuliwa makusudi, na magnesiamu iliyomo hupimwa.

Ukiviweka vipimo hivi viwili sako kwa bako, tofauti ya kwanza ni ya wakati. Seramu hubadilika ndani ya saa chache mgonjwa akiwekewa dripu. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na sehemu kubwa ya magnesiamu yake huipata zinapotengenezwa kwenye uboho, kwa hiyo namba yake inasimulia wiki na miezi iliyopita kuliko hali ya leo. Kwa mtu anayetaka kujua mwenendo wa muda mrefu hiyo ni faida. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake unaruka mapigo sasa hivi, ni kupoteza muda.

Tofauti ya pili inahusu tafsiri, na hapa ndipo ninapositasita kukipendekeza kwa kila mtu. Chembe changa zina magnesiamu nyingi kuliko zilizozeeka. Mtu aliyetoka damu nyingi au mwenye aina ya upungufu wa damu inayoufanya uboho kutoa chembe changa kwa wingi ataonyesha namba ya juu bila ghala lake kuongezeka hata chembe. Aliyeongezewa damu anapimwa pamoja na chembe za mtu mwingine. Viwango vya kawaida navyo havijakubaliwa kwa umoja. Kila maabara ina vyake, na mbinu za kupima hazifanani. Isitoshe, chembe nyekundu si misuli wala mfupa, na kilichomo ndani yake hakilingani sikuzote na kilichomo huko.

Je, kitupwe? Hapana. Kina nafasi kwa mtu mwenye dalili za kudumu na sababu za wazi za kupungukiwa, ambaye seramu yake imerudi ya kawaida zaidi ya mara moja. Hata hapo kichukuliwe kama ushahidi mmoja kati ya kadhaa. Ukikirudia, kirudie katika maabara ileile, vinginevyo utakuwa unalinganisha mashine badala ya mwili wako. Anayekuuzia kipimo hiki na vidonge kwa pamoja, akikwambia seramu haina thamani yoyote, anakupunguzia ukweli.

Magnesiamu huru

Kati ya magnesiamu yote ya seramu, takriban theluthi mbili haikushikwa na kitu, nayo ndiyo inayotumika na seli. Kuipima hiyo peke yake kungeondoa kabisa tatizo la albumini, na kwa mgonjwa mahututi ni jambo la maana sana. Kikwazo ni kwamba inahitaji mashine yenye elektrodi maalumu, sampuli ipimwe upesi na isikae wazi hewani, kwani asidi ya damu ikibadilika jibu nalo hubadilika. Hospitali chache zina mashine hiyo. Ukipata nafasi ukiwa chumba cha wagonjwa mahututi, vizuri. Kwa uchunguzi wa kawaida usiitafute kwa shida.

Mkojo

Vipimo vya damu vinauliza kama magnesiamu imepungua. Mkojo unauliza inapotelea wapi, na kwa maoni yangu ni kipimo kinachosahauliwa bila sababu nzuri.

Chukua wagonjwa wawili, wote seramu 0.55 mmol/L. Wa kwanza ametumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa miaka. Wa pili anatumia furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, kwa ajili ya moyo. Damu zao zinafanana, lakini mikojo yao haifanani. Figo za wa kwanza zimeona upungufu na zimebana, mkojo una magnesiamu kidogo sana, hivyo tatizo liko kwenye utumbo usiofyonza. Figo za wa pili zinaendelea kumwaga, kwa sababu furosemidi hufanya kazi kwenye sehemu ileile ya mrija wa figo ambako magnesiamu nyingi hurudishwa mwilini. Wa kwanza anahitaji dawa yake ya tumbo ijadiliwe; wa pili anahitaji dawa yake ya mkojo itazamwe upya. Ukiwapa wote vidonge na kuishia hapo, utakuwa unajaza ndoo bila kutazama tundu liko wapi.

Mpaka unaotumika ni huu: seramu ikiwa chini ilhali mkojo wa saa 24 una zaidi ya 1 mmol, yaani kama miligramu 24, figo ndizo zinazopoteza. Ikiwa haiwezekani kukusanya mkojo siku nzima, sampuli moja ya mkojo na damu ya wakati huohuo, zote zikipimwa magnesiamu na kreatinini (taka ya misuli inayoonyesha figo zinavyochuja), humwezesha daktari kukokotoa asilimia ya magnesiamu inayopita kwenye figo bila kurudishwa. Ikizidi asilimia 2 hivi kwa mtu aliyepungukiwa, na figo zinachuja vizuri, lawama huelekea kwa figo. Wapo madaktari wanaotumia mpaka wa asilimia 4.

Kukusanya mkojo kuna nidhamu yake. Ule wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, na saa unaianza hapo. Baada ya hapo kila tone linaingia kwenye chombo hadi saa ileile kesho yake, pamoja na mkojo wa asubuhi hiyo ya pili. Ukisahau mara moja tu, sema; ni afadhali kurudia kuliko kutibiwa kwa namba pungufu. Chombo kikija na kimiminika ndani usikimwage, kwani mara nyingi ni asidi ya kuzuia magnesiamu isijikusanye chini. Kojolea kwenye kikombe safi kwanza, kisha mimina taratibu, maana asidi hiyo inaunguza ngozi. Na kipimo kifanyike kabla ya dripu ya magnesiamu, kwa sababu baada yake figo zozote, hata zilizo nzima, humwaga kwa wingi.

Kuhusu dawa za kupunguza asidi tumboni, si jambo la kukisia. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba dawa za kundi la omeprazoli zinaweza kushusha magnesiamu, hasa zikitumiwa zaidi ya mwaka mmoja, na kwamba katika takriban robo ya wagonjwa waliochunguzwa vidonge vya magnesiamu peke yake havikutosha hadi dawa yenyewe iliposimamishwa. Usiisimamishe mwenyewe. Mwulize aliyekuandikia kama bado unaihitaji.

Kipimo cha kupakia

Hapa mgonjwa hupewa kiasi kinachojulikana cha magnesiamu kwa dripu ya saa kadhaa, kisha mkojo wake wa saa 24 hukusanywa. Aliyeshiba huitoa karibu yote. Mwenye njaa huibakiza. Akibakiza zaidi ya asilimia 20 upungufu hushukiwa, na akivuka nusu shaka hupungua sana. Kwa kulipima ghala lenyewe, hiki ndicho kinachokaribia zaidi ukweli. Lakini kinahitaji kulazwa au kukaa hospitalini muda mrefu, kina maana tu kama figo zinafanya kazi ipasavyo, na kwa mwenye figo dhaifu ni hatari. Nje ya wagonjwa wachache wenye fumbo la kweli na watafiti, sioni wa kukifuata.

Nywele na kucha ziache. Shampuu, rangi na maji huzichafua, na hakuna kiwango kinachoaminika cha kulinganisha nazo.

Vipimo vya kuomba pamoja na seramu

Mtu mwenye fedha ya ziada kidogo asiitumie kwenye chembe nyekundu kabla hajapima potasiamu, kalsiamu, kreatinini na albumini. Magnesiamu ikipungua, figo hushindwa kuishika potasiamu, na mgonjwa anaweza kupewa potasiamu siku baada ya siku bila kupanda hadi magnesiamu irudishwe. Kalsiamu nayo hushuka, kwa kuwa tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu haziwezi kutoa homoni yao ipasavyo bila magnesiamu. Potasiamu na kalsiamu zikiwa chini pamoja bila sababu ya wazi, shuku magnesiamu hata kama seramu yake imegusa mpaka wa kawaida. Ushahidi huo wa pembeni una uzito kuliko namba ya chembe nyekundu, nao hupatikana siku hiyohiyo.

Moyo ukisumbua, kipimo cha umeme wa moyo kifanyike kabla ya kusubiri chochote kingine.

Namba ikiwa juu

Upande huu hauna mjadala mrefu wa kuchagua. Seramu inatosha, na kreatinini ndiyo ya kuandamana nayo, kwa sababu figo nzima hutoa ziada bila taabu. Magnesiamu ya juu karibu sikuzote humaanisha figo zimedhoofika, au mtu ametumia dawa nyingi zenye magnesiamu, au yote mawili. Mzee mwenye figo dhaifu anayetumia dawa ya kulainisha choo yenye magnesiamu kila siku ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Mjamzito mwenye kifafa cha mimba au aliye karibu nacho ana hesabu yake tofauti. Hupewa salfeti ya magnesiamu makusudi, na kiwango kinacholengwa mara nyingi ni kati ya 2 na 3.5 mmol/L, ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa cha kutisha. Utafiti mkubwa wa Magpie uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Kwa mama huyo kipimo kikuu hakiko maabara: ni goti kuruka likigongwa, pumzi kuhesabiwa na mkojo kupimwa. Goti huacha kuruka kabla pumzi haijasimama, na kalsiamu glukoneti huwekwa tayari kitandani kama dawa ya kuzuia madhara.

Basi wewe uchague kipi

Kama una kuharisha kwa muda mrefu, kisukari kisichodhibitiwa, unywaji mkubwa wa pombe, au unatumia dawa za kuongeza mkojo, omeprazoli na jamaa zake, sisplatini (dawa ya saratani) au baadhi ya antibiotiki za sindano kama jentamaisini: seramu na zile nne za pembeni. Ikiwa chini na sababu haionekani, ongeza mkojo kabla ya tiba. Ikiwa ya kawaida lakini iko chini ya 0.85 na dalili zinaendelea, zungumza na daktari kuhusu kurudia au kujaribu tiba kwa uangalizi, maana wakati mwingine mwili unavyoitikia tiba hueleza zaidi ya kipimo kingine cha gharama. Chembe nyekundu zije baada ya hapo, kama bado kuna swali. Kama huna dalili, dawa wala ugonjwa wa kukufanya ushuku, sioni sababu ya kupima chochote.

Kreatinini ijulikane kabla ya kidonge cha kwanza. Na ukishaanza tiba, usikimbilie kupima: mara tu baada ya dripu seramu hupanda na kufurahisha, kisha figo huimwaga hadi nusu ya kiasi kilichoingia, na namba hushuka tena kabla seli hazijashiba. Subiri angalau siku moja baada ya dripu, na wiki kadhaa kama ni vidonge, ndipo damu ichukuliwe tena.